Daftari la Matone

Machi 6

Mimi nina bahati ya wanawake. Naanza na hilo ili atakayesoma ajue anasoma habari za mtu gani. Wengine Mungu aliwapa mashamba, wengine akawapa akili za darasani. Mimi alinipa miguu isiyoogopa ngazi, na bahati hiyo. Nimeezeka mapaa katika nchi tatu, na hakuna mji niliopigilia bati nikauacha bila mtu wa kunililia. Ndiyo maana mtaani wananiita Mataifa.

Leo nimemwambia hivyohivyo tabibu wa zahanati. Alikuwa ameinamia karatasi yake, ananiuliza bila kunitazama. Unakojoa mara ngapi? Kuna maumivu? Kuna usaha? Nikamweleza kwamba mkojo unatoka mwembamba kama uzi, tena unagawanyika njia mbili, kiatu cha kushoto kinaloa. Na juzi niliona tone la damu kwenye nguo.

"Una mwenza zaidi ya mmoja?"

"Daktari," nikamwambia, "wewe niulize ni nani ambaye si mwenza wangu."

Muuguzi mwenye miwani, aliyekuwa anapanga sindano kwenye sinia, akageukia ukutani, mabega yakamtetema. Tabibu naye akatabasamu, akaandika. Kisonono. Sindano moja, vidonge vya siku saba.

Kisha akanipa daftari hili. Niandike kila siku nimekojoa mara ngapi, umetokaje, damu ipo au haipo, nimwoneshe nikirudi. Kurasa mia moja za habari za mkojo, na mimi niliishia darasa la sita! Kurasa ni nyingi, mkojo ni mchache, kwa hiyo nitaandika na mengineyo.

Leo mara nane. Tone moja. Mawingu yanajikusanya.

Machi 7

Mara nane. Bado mawingu.

Machi 10

Mvua imeshuka, na simu yangu haina raha. Watu ni wa ajabu. Miezi minane ya jua hakuna anayekumbuka paa lake. Tone la kwanza likimpiga puani ndipo anapoulizia, "Mataifa uko wapi?"

Tumeenda kwa mwalimu mstaafu, mimi na Twiga. Twiga ni mwenzangu wa kazi mwaka wa kumi na mbili sasa, mrefu kama jina lake, msema machache. Kazi yake ni kushika ngazi, na akiishika hata tetemeko litaomba ruhusa. Kitanda cha mwalimu kimeloa chepechepe. Mafundi watatu walishapanda kabla yetu, na wote walipaka lami palepale juu ya kitanda, paa limekuwa na mabaka kama chui na bado linavuja. Nikapanda, nikatambaa hadi karibu na kofia, pale juu kabisa mabati ya pande mbili yanapokutana. Msumari mmoja umelegea, hatua sita kutoka usawa wa kitanda. Maji yanaingilia pale, yanaufuata ubao polepole, yakichoka safari yanadondokea kwa mwalimu.

"Mwalimu," nikamwambia, "tone halidondoki linapoingilia."

Mwalimu akachukua kalamu akayaandika maneno hayo. Maneno yangu mimi!

Mara kumi. Matone mawili.

Machi 13

Vidonge vimekwisha, damu haijakwisha. Nimerudi zahanati. Kulikuwa na foleni, na pazia la chumba cha tabibu ni fupi kama suruali ya kuazima. Walio kwenye benchi wanasikia kila kitu. Wawili kati yao ni wa mtaani kwetu.

Tabibu akasoma daftari, akatikisa kichwa. "Umejiambukiza upya. Unatibiwa wewe, mwenzako hatibiwi, mnarudishiana." Akatoa kadi ya rangi ya waridi, yenye muhuri. Ni kadi ya mwenza. Unampelekea mwenzako, naye anakuja nayo kudungwa sindano, haulizwi jina wala sababu.

Hapo ndipo ningesema neno. Nalijua lile neno, lilifika hadi kwenye meno. Nje ya pazia mtu akakohoa, nikakijua kikohozi kile, ni cha mmoja wa wale wa mtaani.

"Daktari," nikasema kwa sauti, "kadi moja itatosha nini? Nipe bunda."

Benchi lote likacheka.

Machi 14

Mke wangu anashona sare za shule kibarazani. Watoto wetu wawili wako bweni, kwa hiyo mchana nyumbani ni yeye na cherehani yake. Nilimwekea kadi juu ya kitambaa, kama vile mtu anayeweka bili ya maji.

"Hii nini, baba watoto?"

"Utaratibu tu wa hospitali."

Yeye amesoma kuliko mimi, tena husoma kila kitu mwanzo hadi mwisho, hata maelezo ya nyuma ya sabuni. Alisoma upande wa mbele, akageuza, akasoma wa nyuma. Akaikunja mara nne. Akarudi kwenye cherehani akamaliza mkono mzima wa shati, mshono umenyooka kama rula. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa:

"Kesho wanafungua saa ngapi?"

Mara kumi na moja. Matone matatu.

Machi 15

Amekwenda, amedungwa, amerudi. Anakalia upande mmoja. Dada yake alikuja mchana na maneno yake kwapani. Shemeji huyu hajanipenda tangu siku ya posa.

"Shemeji, hongera," akaniambia. "Safari hii umemletea dada yangu zawadi gani? Maana wengine huleta khanga."

"Shemeji, hayo ni maneno ya watu."

"Lisemwalo lipo! Na anayelisema ni wewe mwenyewe, kila kijiwe, kila harusi. Leo unayaita maneno ya watu?"

Mke wangu akamwambia, "Dada, shika pindo hili nipige pasi." Basi.

Machi 19

Mara kumi na moja. Mvua.

Machi 20

Mara kumi na moja. Mvua. Nguo za ndani nafua mwenyewe sasa, naanika nyuma ya tangi. Mke wangu ameniona, akageuza njia.

Machi 27

Mara ya tatu kwa tabibu. Sasa anasema kisonono kimeacha kovu, njia imebana. Akapitisha chuma chembamba kuitanua. Nimewahi kuanguka kutoka ghorofa ya kwanza na mfuko wa misumari kiunoni; bora ile. Damu ilitoka ya kutosha kumfanya muuguzi mwenye miwani aache kucheka. Alimtazama tabibu, akasema kwa sauti ndogo, "Tusimwandikie rufaa?" Tabibu akasema, "Wiki mbili kwanza."

Jioni mkojo ulitoka kama wa kijana. Nikapiga mluzi chooni. Nimempigia Twiga simu kumwambia nimepona. Akasema, "Haya."

Aprili 2

Uzi tena.

Aprili 4

Kuna kitu. Nilikuwa naoga, nikakigusa kwa chini, karibu na mbele. Kigumu, hakiumi, kama kichwa cha msumari wa bati chini ya ngozi. Nimekigusa mara kumi nikitumaini mara ya kumi na moja hakitakuwepo.

Sijamwambia mtu. Nitamwambia nani? Nikimwambia mke wangu atasema ni yale yale. Nikimwambia tabibu ataleta chuma.

Mara kumi na nne. Matone sikuhesabu.

Aprili 5

Kipo.

Aprili 6

Kipo. Mvua kubwa. Tumeziba nyumba tatu.

Aprili 12

Naandika nikiwa kitandani hospitali kubwa, nimelala chali, atakayesoma asamehe hati.

Leo asubuhi tulikuwa juu ya ghala. Mvua ilikatika saa mbili, mwenye ghala akataka tumalize kabla haijarudi. Tangu kuamka sikuwa nimekojoa hata tone, nikasema itakuja tu. Saa nne tumbo likawa gumu kama ngoma. Nikajaribu pembeni ya paa, mbele ya Mungu na ndege. Hakuna kitu. Saa tano nilikuwa nimepiga magoti juu ya bati, jasho linanitoka na kuna upepo wa baridi. Nyundo ikaniponyoka, ikateleza hadi ukingoni, ikaanguka. Twiga aliisikia ikigonga chini. Katika miaka kumi na miwili sijawahi kuangusha nyundo.

Akapanda. Yeye hapandi, anaogopa kimo, ndiyo maana anashika ngazi. Akapanda akanifunga kwapani kamba ya kuvutia mabati juu, akanishusha mgongoni mwake huku anasoma dua zote alizojua, nyingine nadhani alikuwa anazitunga.

Hapa wamejaribu kupitisha mpira wa mkojo, ukagoma. Wakajaribu mwembamba zaidi, ukagoma. Damu tu. Mwishowe wakanitia ganzi chini ya kitovu, wakatoboa, mpira ukapitia tumboni, na mkojo ukaanza kushuka kwenye mfuko. Lita moja na nusu. Nililia kwa raha, na sioni aibu.

Daktari bingwa wa njia ya mkojo ni mwanamke, mdogo wa umri, kucha fupi. Mke wangu alikuwa amefika, amesimama miguuni mwa kitanda na bado ana futi ya kushonea shingoni. Daktari akaanza upya kabisa, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuniuliza chochote.

"Kule zahanati walipima usaha maabara?"

"Hapana."

"Mkojo je?"

"Hapana, walinidunga tu."

"Una wenza wangapi, baba?"

Ulimi wangu una mazoea. "Daktari, kwa mwaka au kwa—"

"Baba, mimi sicheki. Naandika."

Nikamtazama mke wangu. Nikasema, "Mmoja."

Mke wangu akatoa kicheko kifupi, kama uzi unaokatwa kwa meno. "Andika wengi, daktari," akasema. "Anaona haya kwa kuwa mimi nipo. Wewe andika tu, umtibu."

Nikatazama mfuko wa mkojo. Daktari akanitazama, akamtazama, akaandika kitu ambacho sikukiona. Kisha akavaa glavu akatafuta kwa vidole, na alipofika kwenye kile kichwa cha msumari vidole vikasimama. Akavirudisha. Akapima. Akapanda hadi kwenye kinena, kushoto, kulia. Upande wa kulia alikaa sana.

"Hiki kina muda gani?"

"Siku nane," nikasema.

Mke wangu aliushika ukingo wa kitanda.

Aprili 15

Wamenidunga ganzi ya mgongo, wakaingiza kamera nyembamba kama unyoya wa kuku. Nilikuwa macho. Daktari alinionesha kwenye runinga ndogo. Njia ni ya waridi, laini, halafu ghafla inakutana na kitu kama koliflawa iliyochakaa. Akakata kinyama cha kwenda maabara.

"Hilo ndilo kovu?" nikauliza.

"Sidhani kama ni kovu," akasema.

Majibu baada ya siku kumi.

Aprili 17

Nyumbani. Mfuko: mililita elfu moja na mia nne. Sasa sihesabu mara, nahesabu mililita. Mvua.

Aprili 18

1,350. Mvua. Simu kumi na tisa za wateja.

Aprili 20

1,500. Wamenipiga picha kwenye mashine kubwa, unalala ndani kama mkate. Mke wangu anamwaga mfuko, ananawa, anarudi kwenye cherehani. Tunazungumza habari za vifungo na chumvi. Miaka ishirini na moja ya ndoa sijawahi kumwona mpole hivi, na inaniogopesha kuliko kile kinyama. Mwanamke mwenye hasira bado anakudai. Huyu ni kama aliyeacha kudai.

Aprili 22

1,400.

Aprili 26

Saratani.

Nimeliandika peke yake nione linavyokaa. Saratani ya mrija wa mkojo. Hata sikujua mrija wa mkojo una saratani yake. Nilijua ya matiti, ya shingo ya kizazi, ya koo. Daktari anasema ni nadra, madaktari wengine wanastaafu bila kuiona. Nikasema, "Basi mimi hata kwa ugonjwa ni mtu wa bahati." Hakuna aliyecheka. Na mimi pia sikucheka.

Mke wangu ndiye aliyeuliza vitu vya maana. Imefika wapi? Picha inaonesha mapafu safi, ini safi, mifupa safi. Kuna tezi moja kinena cha kulia iliyovimba, wataipima. Inatokana na nini? Hapo nikaona amekaza vidole.

"Wakati mwingine kuna kirusi," daktari akasema. "Wakati mwingine makovu ya zamani. Mara nyingi, mama, ukweli ni kwamba hatujui."

"Kirusi cha wanawake."

"Kirusi ambacho watu wengi sana wanacho, mama, hata waliotulia. Sikuja kutafuta mkosaji."

Kisha akaeleza tiba. Kinyama kiko mbele. Watakata sehemu ya mbele ya uume, pamoja na upana wa vidole viwili vya nyama nzima ili kusiachwe mbegu ya saratani. Nikauliza kiasi gani, kwa kuwa fundi lazima ajue vipimo. Akachukua kalamu yake akaonesha kwa ukucha. Kalamu iliyobaki ilikuwa fupi. Nikauliza nitakojoaje. Akasema, "Umekaa."

"Kama mwanamke?"

"Kama mtu aliye hai," akasema mke wangu. Ndilo neno lake pekee alilonielekezea siku nzima.

Daktari akaomba aone daftari hili kwa ajili ya zile siku za mwanzo. Akasoma ukurasa wa kwanza, akausoma tena. Akauliza kwa upole, mke wangu akiwa ametoka kutafuta maji, "Tabibu ulimwambia haya?"

"Hayo."

"Basi alitibu hadithi yako, baba. Alikosea, alipaswa kupima. Lakini alitibu alichosimuliwa."

Wiki saba. Mimi niliyepanda kwa mwalimu na kuwacheka mafundi waliopaka lami mahali pa tone!

Nimesema nitafikiria. Daktari amesema fikiria haraka.

Aprili 27

Sikatwi.

Aprili 28

Sikatwi. Nimesikia kuna mtu anatibu kwa mizizi, ng'ambo ya mto. Mto umefurika, barabara imekatika.

Aprili 30

Damu kwenye mfuko. 900 tu. Kile kichwa cha msumari sasa ni kama kokwa ya zambarau. Sikatwi.

Mei 2

Twiga amekuja. Alikaa nusu saa akiangalia dari. Nikamwambia sema, hukuja kukagua dari.

"Bati likioza," akasema, "huwa unawaambiaje wenye nyumba?"

"Twiga, usinianze."

"Nauliza tu. Maana mimi huwa niko chini, sisikii vizuri."

"Nawaambia tunakata hadi tufike kwenye bati zima."

"Wakisema kata kidogo?"

"Nawaambia kutu haisomi mapatano."

"Ahaa," akasema Twiga. Akatazama dari tena.

Nikamfokea. Nilimwambia bati si mtu, nikamwambia yeye ana chake kizima ndiyo maana anasema, nikamwambia atoke. Hakutoka. Alisema, "Siku ile juu ya ghala nilijikojolea kwa woga, na nilikuwa nimekubeba. Hukuona kwa kuwa ulikuwa umefumba macho. Sijamwambia mtu. Nakwambia wewe ili ujue kwamba mwanaume anaweza kukojoa vibaya na bado akafika chini."

Miaka kumi na miwili hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Alipoondoka nikalia hadi cherehani nje ikanyamaza. Mke wangu hakuingia. Lakini ilinyamaza.

Mei 3

Nimempigia daktari. Nimekubali.

Mei 7

Kesho. Nimesaini, mke wangu amesaini kama shahidi. Hati yake ni nzuri, yangu imepanda mlima. Mvua imepungua, inanyesha kama mtu anayemalizia ugomvi.

Tukiwa wodini nikamwambia, "Mke wangu, nikifa kesho—"

"Hufi. Tumekuja kukata, hatukuja kufa."

"Kuna kitu nataka ujue."

"Nikishakijua itakuwaje? Lala."

Mei 9

Nimeamka. Maumivu. Sijaangalia.

Mei 10

Sijaangalia.

Mei 12

Nimeangalia. Muuguzi alikuwa anabadilisha bandeji, mke wangu ameshika sinia. Nitasema nini? Kidogo kuliko nilivyozoea, kikubwa kuliko nilivyoogopa. Nilitafuta utani wa kusema, nikaupata, nikauacha.

Mke wangu aliangalia kwa utulivu, kama anavyoangalia mshono wa mtu mwingine. "Wamenyoosha vizuri," akasema.

Mei 16

Nyumbani. Kingo ni safi! Maabara wamepima pale walipokata, nyama ya pembeni haina mbegu. Daktari ametabasamu kwa mara ya kwanza, ana mwanya. Imebaki ile tezi ya kulia. Sindano waliyoichoma haikutoa jibu la kueleweka, kwa hiyo nitarudi tarehe 22 waitoe yenyewe na jirani zake. Ikiwa chafu, kuna dawa za dripu, miezi mingi, na daktari hakuficha kwamba hapo mlima unakuwa mkali.

Mei 18

Wametoa mpira jana. Leo nimekojoa mwenyewe, nimekaa. Ulitoka mnene, wa moja kwa moja, bila kugawanyika. Nikakaa pale muda mrefu baada ya kumaliza.

Mei 19

Leo nimemwambia.

Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limetoka, nguo zimeanikwa kila mahali. Alikuwa anaosha kidonda. Ana namna yake ya kuosha: anakunja pamba, anafuta mara moja, anatupa, hafuti mara mbili kwa pamba moja. Nikamtazama utosi wake, nikaona mvi ambazo Machi hazikuwepo, nami navijua vitu vya juu.

"Mke wangu, wale wanawake hawapo."

Hakuinua kichwa. "Najua. Sasa hawawezi kuwepo."

"Sisemi sasa. Sisemi tangu upasuaji. Nasema hawakuwahi kuwepo. Hata mmoja. Ni maneno tu."

Akatupa pamba. Akachukua nyingine.

"Baba watoto, usifanye hivyo."

"Nifanye nini?"

"Usijisafishe." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina ugomvi. "Nilipopewa ile kadi nilikaa siku tatu nikifikiria kuondoka. Nilifunga hata sanduku, liko chini ya meza ya kukatia, nenda kaangalie. Kisha ukashushwa kwenye ghala, nikaona mfuko wa damu, nikasema basi, nitamsamehe, maana siwezi kumchukia mtu na kumwosha kwa wakati mmoja, mikono itanishinda. Nilikaa na hilo mwezi mzima kabla halijakubali. Nimemwambia dada yangu, nimemwambia Mungu. Nimekusamehe. Usije leo ukanichafulia msamaha wangu kwa uongo mwingine."

"Lakini si uongo!"

"Miaka ishirini na moja unasema ni kweli, leo unasema ni uongo. Nichague lipi?"

Nikahesabu pamba alizozitupa.

"Inua mguu," akasema.

Mei 20

Nimeangalia chini ya meza. Sanduku lipo. Limefungwa na kamba.

Mei 21

Kesho narudi wodini kwa ajili ya tezi. Daktari amesema kuanzia kesho mtu mwingine ashike daftari hili, maana nitakuwa na mipira miwili ya kinena, na kila mililita ya maji yake iandikwe. Mke wangu amesema ataandika yeye. Basi atalishika. Na akilishika atalisoma, mwanzo hadi mwisho, kama sabuni.

Nimefikiria kuchana kurasa. Nimefikiria pia kuacha mambo yalivyo. Kwa sababu nikimwachia msamaha wake, ana kitu: alitendewa ubaya akaushinda. Nikimwambia ukweli, anabaki na nini? Sindano aliyodungwa bure, benchi la zahanati alilopita ameinamisha macho bure, dada yake, sanduku, vyote bure, kwa ajili ya kuchekesha watu. Mwanamke anaweza kusamehe mume aliyezini. Sijui kama anaweza kusamehe mume aliyemwacha aumie ili benchi licheke. Hilo ni kubwa zaidi, na ndilo nililolifanya.

Lakini tezi ikiwa chafu sitaki aje kunizika kama mtu mwingine.

Kwa hiyo, mke wangu, najua umefika ukurasa huu. Kwa mdomo sina thamani, nimeitumia yote. Nchi tatu ni kweli. Katika nchi zote tatu nililala ndani ya kontena na mafundi wengine saba, jioni nafua soksi na kuhesabu siku za kurudi. Wenzangu walikuwa wakitoka, mimi nikibaki kulinda vifaa, kwa kuwa nilikuwa naogopa wanawake wa watu na hata lugha yao siijui. Walirudi na hadithi. Nikazichukua, nikaziwekea jina langu. Watu walicheka, nami nikaona kucheka kwa watu kuna joto. Siku ya kadi nilikuwa na neno moja tu la kusema, nikaogopa benchi.

Sikuwa na bahati ya wanawake. Nilikuwa na wewe tu, tangu mwanzo, na nilisema uongo.